Ijumaa za Makaa ya Mawe

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu, ambaye ana simu mbili na hana subira, alinipigia kuniambia ameipata filamu ya Bibi. Nikamuuliza filamu gani, ingawa moyo ulishajua. "Ile ya Wajerumani wachimba makaa, shangazi. Imo kwenye mtandao, nzima, na maandishi ya Kiarabu chini. Bibi kasema uje Ijumaa muitazame baada ya chakula." Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kitako kwenye kiti cha jikoni. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mbili, nimestaafu kazi ya maabara, nimelea watoto watatu na mume mmoja, na yaliyobaki ya kunitisha duniani si mengi. Lakini hayo maandishi ya Kiarabu yalinitisha, kwa sababu Mama anasoma Kiarabu vizuri kunishinda, na kwa sababu zaidi ya miaka arobaini iliyopita, katika nyumba yetu ya Darsait, Maskati, nilimdanganya kuhusu filamu hiyo mbele ya wanawake tisa. Uongo huo ndio ulionipa ruhusa ya kwenda kusoma. Maisha yangu yote ya baadaye yalipitia hapo, na sikuwahi kumwambia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa ghorofa ya pili, juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na siku za kazi nyumba nzima ilinuka moto na rangi. Ijumaa karakana ilifungwa, na ukimya wake ulitufanya tujione watu wa maana. Ukumbi wa wanawake ulikuwa na mazulia mawili mekundu yasiyofanana, mito ya kuegemea pande zote, kiyoyozi cha dirishani kilichotoa kelele nyingi na baridi kidogo, na televisheni iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Chini yake kulikuwa na deki ya video ambayo Baba aliileta kutoka Dubai, alikokuwa akifanya kazi na kurudi mara moja kwa mwezi. Kanda tulikuwa nayo moja tu. Aliileta mdogo wake Baba, Ami Nasor, aliyerudi mwaka ule kutoka Ujerumani, alikopelekwa kusomea umeme tangu enzi tulizoishi Unguja, kabla hatujahamia Maskati, na kukaa miaka saba katika mji wa machimbo. Alirudi na koti zito lisilo na kazi Maskati, tabia ya kula mkate usiku badala ya wali, na kanda hiyo aliyopewa na rafiki yake siku ya kuagana. Ilikuwa hadithi ya kijana anayekua katika mji wa wachimba makaa ya mawe, mji kama ule aliokaa yeye. Ilisema Kijerumani mwanzo hadi mwisho, bila neno moja la kutusaidia.

Ami alijitolea kutufasiria. Tatizo lilikuwa pa kumweka. Mama mwenyewe asingejali shemeji yake kukaa pembeni ya chumba, lakini Bi Shinuna, jirani yetu wa mlango wa pili na mkuu wa itifaki wa Darsait nzima, alisema hatakaa kunyoosha mguu mbele ya mwanamume asiyekuwa wake, hata kama mwanamume huyo kasoma Ulaya. Basi Ami akawekewa kiti kwenye ujia wa nje, nyuma ya pazia la mlango, na sinia lake la kahawa na halwa. Alisikia maneno ya filamu bila kuona picha. Wanawake waliona picha bila kuelewa maneno. Mimi nilikalishwa kizingitini, mguu mmoja huku na mmoja huko, nikimwambia Ami kinachoonekana ili naye atuambie kinachosemwa. Nikisema, "Wamekaa mezani, Ami, wanakula," yeye anasikiliza, anasafisha koo, kisha anatuletea maneno yao kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari. Sijawahi kuwa na kazi niliyoipenda kuliko ile, na nimefanya kazi miaka thelathini.

Lakini Ami alikuwa mfasiri mwenye adabu kupita kiasi. Wale watu wa mgodini walikunywa bia kila walipopata nafasi, na kila walipoitaja, Ami alisema soda. Walikula soseji ambazo mimi na yeye tulijua ni za mnyama gani, na Ami akasema nyama ya ng'ombe. "Mashallah, ng'ombe wamejaa nchi hiyo," akasema Bi Shinuna, akichukua katlesi ya tatu. Kijana wa filamu, Karl, alipombusu binti wa muuza mkate, Mama alinyanyuka haraka akatandaza leso yake juu ya kioo, na chumba kikawa kimya. Ami, ambaye hakuona kitu, aliuliza kutoka nyuma ya pazia, "Jamani, vipi? Mbona kimya? Umeme umekatika?"  Mwishowe Bi Shinuna akasema kwa sauti ya heshima kabisa, "Wanasalimiana, Nasor. We endelea." Nilicheka mpaka nikapaliwa na kahawa, nikapata kofi la mgongoni ambalo hata sasa sijui lilikuwa la kunisaidia au la kunifunza adabu.

Walichokipenda hasa wanawake wale hakikuwa Karl wala mgodi. Walimpenda mama yake. Tulimwita Mama Karoli. Katika mji ule masizi yalianguka kutoka hewani mchana kutwa, na kila alipoanika shuka zake nyeupe zilikuwa nyeusi kabla hazijakauka, naye akazianua, akazifua, akazianika tena. Chumba kizima kiliguna kila alipofanya hivyo. Kila mmoja wao alikuwa na kamba ya nguo juu ya paa na anajua vumbi la Darsait linavyofanya. "Huyo anafua kwa sabuni gani?" aliuliza mmoja, na Ami akasema hawajataja. Baba wa Karl alipotoka chini ya ardhi mara ya kwanza, mweusi tititi, meno tu yanaonekana, Bi Shinuna alisogea mbele. "Huyu naye Mjarumani?" Nikamwambia ni makaa. Mkewe akamwandalia maji katika beseni la bati, akamsugua mgongo, naye akatokeza mweupe. "Subhana Llah," akasema Bi Shinuna, akaanza kumwonea huruma baba huyo pia, huruma iliyoongezeka alipofariki katikati ya filamu kwa ugonjwa wa mapafu. Walimlilia kwa dhati. Mama aliagiza Ijumaa ile isipikwe kahawa yenye zafarani, kwa sababu nyumba ina msiba.

Msishangae nikisema filamu ya saa mbili ilituchukua karibu mwaka. Tulianza baada ya chakula, vyombo vikishaoshwa, na tulisimama pale inapoadhiniwa alasiri, popote tulipofika, hata kama mtu alikuwa ananing'inia. Kisha Ijumaa inayofuata daima kulikuwa na mgeni ambaye hakuona mwanzo, na Bi Shinuna akataka irudishwe nyuma mpaka kwenye shuka, ili mgeni amjue Mama Karoli vizuri. Mara nyingine tulisonga mbele dakika kumi tu. Mara nyingine tulirudi nyuma. Hakuna aliyekuwa na haraka. Ile ilikuwa nyumba ya wali wa nazi na nguru wa kukaanga, ya achari ya embe iliyotoka kwa dada yake Mama, na wanawake waliokwisha kuhama nchi moja tayari na sasa wakajipumzisha katika shida za watu wengine.

Kuelekea mwisho wa mwaka huo ndipo ilipokuja barua yangu. Nilikubaliwa kwenda Amman kusomea kazi ya maabara, miaka mitatu, na jibu lilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi uliofuata. Baba alipiga simu kutoka Dubai akasema maneno ambayo wanaume huyasema wakitaka kulala kwa amani: "Mama yako akikubali, mimi nimekubali." Mama aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya kitambaa cha televisheni. "Tutaona," akasema. Nilimjua. Tutaona yake haikuwa hapana, lakini ndugu zangu waliwahi kungoja tutaona hizo mpaka wakasahau walichoomba. Wote walikuwa wameshaoa na kuhama. Nilibaki mimi. Nilitamani kwenda mpaka nikawa silali vizuri, na bado sikuweza kufungua mdomo kumwambia Mama nataka. Katika nyumba yetu binti mwema hakusema nataka. Alingoja mtu amuulize, na mimi sikuulizwa.

Siku moja nilikuwa natoka kuchukua nguo juu ya paa nikasikia sauti jikoni. Bi Shinuna alikuwa anamenya vitunguu, Mama anaosha sufuria. "Mtoto kapata bahati, mwache ende," alisema Bi Shinuna. Mama aliendelea kusugua. Nilisikia maji, na bati likikwaruzwa. Kisha akasema, taratibu, si kwa hasira, "Sawa. Na miye n'tabaki na nani?" Nilisimama ngazini na kikapu cha nguo mpaka Bi Shinuna akabadilisha mazungumzo kuwa bei ya kitunguu. Kama angesema sitaki, ningekasirika, na hasira ingenipa la kusema.  Niliingia, nikakunja nguo, na siku ile nilikuwa binti mwema kuliko siku zote.

Muda si mrefu Ami Nasor akapata kazi Salala, mji wa kusini kabisa, kwenye mitambo ya umeme, na ilikuwa lazima aondoke wiki ile ile. Filamu ilikuwa imebaki dakika kumi na tano. Bi Shinuna alilalamika kana kwamba Salala imeanzishwa ili kumkomoa. Ami akakaa na kanda peke yake siku moja, akaandika maneno yote yaliyobaki katika daftari la skuli, kwa wino wa buluu, mstari kwa mstari, na nani anasema nini. "Utafasiri weye," akaniambia akinikabidhi. "Picha unaiona, maneno nimekuandikia. Soma tu." Nikafurahi kupanda cheo. Nililisoma daftari jikoni jioni ile ile, nimesimama. Karl amepata nafasi ya kwenda kusoma mjini, mbali. Anamwambia mama yake. Mama yake yuko kwenye karai la vyombo, mgongo umegeuka, anamwambia abaki, akachukue nafasi ya baba yake mgodini. Na katikati ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri wa Ami: *Mama anasema: Nitabaki na nani?* Ukurasa wa mwisho Karl anashika njia kwenda kazini siku yake ya kwanza, pamoja na wachimbaji, na filamu inaishia barabarani.

Ijumaa ilifika na wanawake tisa. Mama alikaa mahali pake, karibu na televisheni, mikono mapajani. Nilikaa kizingitini kwa mazoea, pazia nyuma yangu na nyuma ya pazia hakuna mtu. Nilisoma vizuri mwanzoni. Kisha likaja jiko la Mama Karoli. Karl amesimama na kofia mkononi, anaongea. Hilo nikalisoma kama lilivyo. Mama yake akaanza kusema, akisugua sufuria, bila kugeuka, na macho yangu yakaufikia mstari ule. Nilijua nikiyatoa maneno hayo mdomoni mwangu, katika chumba kile, Mama atayasikia yakitoka kwangu, na habari ya Amman itakuwa imekwisha hapo hapo. Nikafumba daftari kwenye kidole changu. Nikasema, "Anamwambia: Nenda, mwanangu. Mimi nipo. Ukirudi utanikuta."

Chumba kizima kilivuta pumzi. Bi Shinuna akaanza kulia waziwazi. "Huyo ndo mama," akasema, akijifuta kwa ncha ya leso. "Kafiwa na mume, na bado anamwachia mwanawe." Nilipata ujasiri wa kutisha. Mama Karoli alisema mengi, na kila alichosema nilikigeuza: nitakuandikia, usisahau kula, usinifikirie mimi. Picha ya mwisho Karl akatokea barabarani alfajiri, ana mkoba begani, anatembea na kundi la watu wazima waliovaa kofia. "Anakwenda chuoni," nikatangaza. "Mbona wenziwe wazee?" aliuliza Bi Shinuna. "Walimu," nikasema. "Na kofia zote hizo?" Nikasema baridi. Aliridhika. Alikuwa tayari kuridhika na lolote, Mungu amrehemu, na kabla kanda haijaisha alishamgeukia Mama. "Umemuona mwanamke mwenzio?" Mama alikusanya vikombe, akavihesabu kwenye sinia kama kawaida, akaingia jikoni, na alasiri ikaadhiniwa.

Siku mbili hakusema neno juu ya jambo lile. Ya tatu, nikiwa napiga pasi, alipita nyuma yangu na kusema, kana kwamba ananituma chumvi, "Sanduku la baba yako liko juu ya kabati. Kalifute vumbi, bawaba moja mbovu." Hayo ndiyo maneno yote niliyopewa. Hakusema nenda. Nililishusha sanduku, nikalifuta, nikakaa juu yake nikalia, nusu kwa furaha na nusu kwa haya, kwa sababu nilijua ruhusa hiyo nimeipata kwa wizi. Amman nilikwenda, nikasoma, nikarudi, nikamkuta. Na tangu hapo, kila mtu alipomsifu Mama kwa kuwa mwanamke wa kwanza katika jamaa zetu aliyemruhusu binti kusafiri peke yake, mimi nilitafuta kitu cha kufanya chumba kingine.

Basi Ijumaa ile ya mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwa kaka yangu, mtaa wa Azaiba, anakokaa Mama siku hizi, nikiwa na bakuli la bajia na uamuzi wa kusema kweli kabla maandishi hayajasema. Sikupata nafasi. Mtoto aliweka filamu kwenye televisheni kubwa kupita mlango wetu wa Darsait, akatuacha. Mama, ambaye ana miaka themanini na tano, alivaa miwani yake na kuanza kusoma kwa sauti. Shuka zilipochafuka aliguna kama zamani. Wachimbaji walipoinua bilauri aliacha kusoma, akasogea karibu, akasoma tena. "Bia," akasema. "Ami yako alikuwa akitwambia soda." Nikakiri. "Mwaka mzima soda. Watu wanaanguka chini ya meza kwa soda, na sisi tunasema masikini, wamechoka na kazi." Alicheka mpaka nikampa maji. Karl alipombusu binti wa muuza mkate, hakuifunika televisheni, alichukua bajia. Nikajiambia labda atasinzia. Hakusinzia.

Likaja jiko. Mama Karoli akageuza mgongo. Maandishi yakapita chini, meupe, na Mama akayasoma kimoyomoyo, midomo ikitikisika. *Nitabaki na nani?* Niliyaona na mimi. "Simamisha," akasema. Nikasimamisha.

"Mama, nilitaka kukwambia."

"N'najua."

"Unajua nini?"

"Kuwa hakumwambia ende. Nimejua siku ile ile." Alinyoosha kidole kwenye picha iliyoganda. "Hebu mtazame. Sufuria lishatakata, bado anasugua. Mwanamke anayempa mwanawe ruhusa hasugui vile. Wiki zote zile miye nlikuwa nasugua sufuria safi jikoni kwangu. N'takosa kujua mtu anasema nini akisugua hivyo?"

Sikujua niweke wapi mikono. Nilimuuliza, na sauti yangu ilitoka ya msichana, kwa nini basi alinikubalia.

"Mtoto wangu kaogopa kuniomba," akasema Mama, "mpaka kamtumia mama wa watu, wa Jarmani, aje aniombee. Hilo ndo lilioniuma. Uongo haukuniuma, ulikuwa wa kitoto, na wale walimu wenye kofia." Akatabasamu kidogo. "Nkajiuliza, nimekuwa mama gani, anayeogopwa hivyo? Siku mbili nkajiuliza. Nkaona lile ombi nimeletewa miye, na jibu lake natakiwa nilitoe miye, si Mama Karoli."

Nikamwambia nimeubeba uongo ule zaidi ya miaka arobaini. "Umejitwisha mwenyewe," akasema. "Ungeniuliza tu." Kisha akasema tuendelee, tukamtazama Karl akishika barabara ya mgodini na wale watu wazima, na safari hii nilimwona vizuri: anatembea akitazama viatu vyake. Mama alimtazama mpaka alipotoweka. Filamu ikaisha, majina yakaanza kupanda.

"Irudishe pale jikoni," akasema Mama. Nikairudisha. Akavua miwani, akaiweka mapajani, ili maandishi yasiwe na la kumwambia. "Fasiri kama siku ile."

Mama Karoli akaanza kusugua. Nilifungua mdomo, lakini Mama aliniwahi. Nikasikia sauti ya Mama pembeni yangu ikisema yale maneno, yote, kwa mpangilio wake, bila kukosea hata moja. "Nenda, mwanangu. Miye nipo. Ukirudi utanikuta." Niligeuka. Televisheni ilikuwa inaendelea peke yake. Mama alikuwa ananitazama mimi.